Kompyuta ya Mashine ya Dhahabu Nayo Ni Kipimo: Barua ya Wazi kwa Tume ya Madini

Kwa Mwenyekiti, Makamishna na Katibu Mtendaji,
Tume ya Madini, Dodoma.

Nakala: Wakala wa Vipimo, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, shirikisho la vyama vya wachimbaji (FEMATA) na vyama vya wachimbaji wa Geita na Shinyanga.

Ndugu Makamishna,

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa Windows 10. Mijini habari hiyo ilipokelewa kama tangazo la biashara ya laptop. Kwetu sisi tunaohudumia mashine za maabara kati ya Kahama, Katoro na Geita ilikuwa habari nzito, kwa sababu mashine inayomwambia mchimbaji dhahabu yake ina asilimia ngapi haisemi yenyewe. Inasemewa na kompyuta. Nyingi ninazozifungua ni za Windows 10, au Windows 7 iliyoachwa tangu tarehe 14 Januari 2020. Nimezikuta hata za Windows XP, ambayo viraka vyake vilikoma Aprili 2014, zikiendelea kutoa majibu ambayo watu wanauziana kwayo.

Naandika kuomba jambo moja. Kompyuta hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kipimo: isajiliwe, ikaguliwe na itunzwe kwa utaratibu unaojulikana, kama inavyofanyika kwa mizani iliyo mezani pembeni yake.

Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipofungua soko la madini la Geita Machi 2019, na masoko mengine yakafuata Kahama na kwingineko, biashara ya dhahabu imetoka vichochoroni ikakaa mahali penye taa, risiti na mashahidi. Aliyewahi kuuza dhahabu kwa broka kwenye mwalo, kwa tochi na mizani ya mfukoni, anajua soko limempa nini, na mimi ni mmoja wa wanaolitetea. Ila soko limeihamisha pia imani ya mchimbaji. Zamani aliliamini, au hakuliamini, jicho la mnunuzi. Leo anaiamini namba inayotokea kwenye skrini, na hana njia ya kuihoji.

Chukueni mchimbaji anayetoka Lwamgasa na tonge la gramu 200. Mashine ikisoma asilimia 91 mahali palipostahili 92, gramu 2 za dhahabu safi zimefutika kwenye karatasi, na mwaka 2025 bei ya gramu moja katika soko la dunia ilipita dola 100. Fedha hiyo si ya mtu mmoja. Kuna mwenye leseni, mwenye duara, vijana waliogawana viroba, na mama lishe aliyewapikia kwa mkopo akisubiri dhahabu iuzwe. Mrabaha wa Serikali na ushuru wa huduma wa halmashauri navyo hukokotolewa kutoka thamani hiyo hiyo. Mashine ikikosea kwa upande wa pili anaumia mnunuzi, naye kesho yake atashusha bei kwa kila mtu ili kujihami.

Wengi hudhani mashine ya XRF inaiona dhahabu. Inachofanya ni kulipiga tonge kwa mionzi ya X, kila metali ikajibu kwa mionzi yake yenye nguvu yake pekee: shaba karibu na kiloelektronivolti 8, dhahabu karibu na 9.7 na 11.4, fedha karibu na 22. Kigunduzi kinahesabu majibu hayo, basi. Kuzigeuza hesabu kuwa dhahabu asilimia 91.8, fedha 6.9 na shaba 1.3 ni kazi ya programu, nayo inategemea jedwali la ugezi, au kalibresheni kama mafundi tunavyosema, lililotengenezwa kwa kupima vipande vya kiwango vinavyojulikana. Jedwali hilo ni faili kwenye diski ya kompyuta. Faili hufutika. Huharibika umeme ukikatika katikati ya kuandikwa, hufunikwa na la mashine nyingine, na huweza kuguswa na mtu mwenye nia yake. Likisogezwa kidogo tu, taa ya kijani itaendelea kuwaka, mizani itaendelea kuwa sahihi hadi miligramu, na namba ya usafi itakuwa ya uongo bila yeyote kuona kilichobadilika.

Kwa wachenjuaji jambo hili ni nyeti zaidi, na ninyi mnaijua migogoro ya kaboni kuliko mimi. Mwenye matenki ya kuchenjua marudio kwa sayanaidi hubeba kaboni iliyonasa dhahabu akaipeleka kwenye mtambo wa elusheni wa kuitoa dhahabu hiyo, ambao mara nyingi ni wa mtu mwingine. Kabla haijaingia, sampuli hupelekwa maabara ijulikane kuna gramu ngapi kwa tani. Maabara huiandaa sampuli kwa moto na asidi, kisha huipima kwa mashine ya AAS, ambayo huangalia dhahabu inafyonza kiasi gani cha mwanga wa nanomita 242.8. Kwenye mtambo kuna usimamizi, kuna lakiri, kuna watu wa kila upande wanaokesha. Dhahabu ikitoka pungufu kuliko jibu la maabara, watu waliofanya biashara pamoja kwa miaka huanza kutazamana kama wezi. Lakiri huwa iko salama. Lakini kompyuta iliyotoa namba ya kwanza, ile iliyozaa matumaini yote, huenda iko kwenye mtandao mmoja na simu za wateja waliokaa kwenye benchi wakisubiri majibu, na nywila yake imebandikwa kwa karatasi kwenye fremu ya skrini. Nimeyaona hayo mahali pengi mno kuyaita bahati mbaya.

Hatari ninayoisema ina historia. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa duniani. Hakikuhitaji mtu abonyeze kitu ili kihame kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kilipita mlango namba 445, ambao Windows huutumia kushirikisha mafaili, kikayafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai kikombozi. Kiraka cha kuuziba mlango huo Microsoft ilikuwa imeshakitoa tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Nchini Uingereza hospitali zilifuta miadi ya maelfu ya wagonjwa, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo iliandika kwamba vifaa 1,220 vya uchunguzi wa magonjwa viliambukizwa. Ni vifaa vya kupimia, vyenye kompyuta ndani au pembeni, kama hivi vyetu.

Mwaka uliofuata, Agosti 2018, ilifika zamu ya TSMC ya Taiwan, kampuni inayotengeneza chipu za simu tunazobeba mifukoni. Mitambo yake katika miji ya Hsinchu, Taichung na Tainan ilisimama kwa sababu mashine mpya iliunganishwa na mtandao wa ndani kabla haijakaguliwa kama ina virusi. Kirusi kilikuwa cha ukoo wa WannaCry. Mitambo iliyoanguka ilikuwa ya Windows 7 isiyo na kiraka kilichotoka zaidi ya mwaka mzima kabla. Mwanzoni kampuni ilikadiria kwamba tukio hilo lingegharimu karibu asilimia 3 ya mapato ya robo mwaka. Kisa hiki ninakirudia kila ninapokaa na mwenye maabara. TSMC ina wahandisi wa kompyuta wengi na fedha nyingi, na bado iliangushwa na mashine mpya iliyotoka kwenye boksi. Sisi huku mashine ikifika kutoka nje tunaifungua, tunaiunganisha na ruta siku hiyo hiyo, na jioni inapima.

Milango mingine ni ya kwetu wenyewe. Majibu hutolewa kwenye kompyuta ya mashine kwa flashi, flashi ikapelekwa mapokezi, kisha steshenari ya jirani kuchapisha, kisha ikarudi. Muuzaji wa mashine aliye Johannesburg au Dubai aliacha programu ya kuingilia kutoka mbali, AnyDesk au TeamViewer, ili atoe msaada bila kupanda ndege, na nywila haijabadilishwa tangu siku mashine ilipofungwa. Diski ikifa, fundi wa mtaani huweka Windows isiyo na leseni ambayo masasisho yake yamezimwa kwa makusudi. Ruta moja yenye laini ya simu inahudumia mashine, kamera za ulinzi, televisheni ya mapokezi na simu za wageni. Kila kimoja kati ya hivi kina sababu yake, na siwaiti wenye maabara wazembe, maana wanatafuta namna ya kazi kwenda. Lakini vikikusanyika ndani ya chumba kimoja, kifaa kinachoamua fedha za watu kinakuwa na ulinzi mdogo kuliko simu ya mteja aliyeleta sampuli.

Na niwatetee kwa jambo jingine zito zaidi. Wanaposema mashine inafanya kazi, usiiguse, wana hoja ya kweli. Oktoba 2014 sasisho la Windows lilileta kiendeshi kipya cha FTDI, kampuni ya Uskochi inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa kwa USB. Kiendeshi hicho kilifuta namba ya utambulisho kwenye chipu za kughushi, na watu waliouziwa vifaa vyenye chipu hizo pasipo kujua wakakuta kompyuta haivitambui tena, hadi kilipoondolewa kwenye masasisho ya Windows. Nyaya zenye chipu za aina hiyo ndizo zinazounganisha mizani na vifaa vingi vya zamani vya maabara na kompyuta hadi leo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja, na viwanja vya ndege vikajaa abiria wasio na safari. Huku kwetu yanaongezeka yetu: umeme unakatika sasisho likiwa nusu na kompyuta haiwaki tena, bando la mwezi linamalizwa usiku mmoja na mafaili ya Windows, mashine iliyopangiwa foleni ya sampuli inakutwa imekwama katikati kwa sababu kompyuta ilijizima na kujiwasha ikamilishe sasisho. Watengenezaji nao wengine wameithibitisha programu yao kwa toleo moja tu la Windows, na ukilibadilisha dhamana imekwisha.

Kwa hiyo msitoe amri ya kila mtu kusasisha mara moja. Amri hiyo ingezima mashine nyingi kuliko kirusi chochote, na wenye maabara wangejifunza kuficha kompyuta zao mkaguzi anapokuja. Kinachotakiwa ni mpango, na mpango unaanza na daftari.

Katika kila soko la madini na kila maabara inayopima kwa ajili ya biashara iandikwe ipo mashine ipi, namba yake, inaendeshwa na Windows toleo gani na la aina gani, imeunganishwa na nini, nani ana nywila, na mtengenezaji ameahidi kuihudumia hadi lini. Aina ya Windows ni jambo linalosahaulika. Kuna matoleo ya muda mrefu yaliyotengenezwa mahsusi kwa vifaa: Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2019 itapata viraka hadi Januari 2029, na ya LTSC 2021 hadi Januari 2032. Ukiziweka kompyuta mbili bega kwa bega, skrini zao zinafanana, lakini moja imeachwa na nyingine ina miaka kadhaa mbele yake. Pasipo daftari mwenye maabara mmoja atatupa mashine nzuri kwa hofu ya Oktoba 2025, na mwingine ataendelea na iliyokufa akidhani iko sawa na ya jirani.

Mashine isiyoweza kusasishwa haihitaji kutupwa. Inahitaji kutengwa. Ruta za kawaida zenye uwezo wa kugawa mtandao, kama MikroTik ambazo watoa huduma wadogo wa intaneti wanazitumia sana, zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kompyuta ya mashine iwe kwenye kipande chake, iruhusiwe kusukuma majibu kwenda kompyuta ya mapokezi, na isiweze kubishiwa hodi na kitu kingine chochote. Mlango 445 ufungwe. Programu ya kuingilia kutoka mbali iwe imezimwa siku zote, iwashwe fundi anapopiga simu tu, na kila aliyeingia aandikwe jina, saa na alichofanya. Flashi iwe moja, ya mashine hiyo peke yake, isiyokwenda steshenari. Na ile ya Windows XP, kama mwenyewe hana fedha ya kuibadilisha mwaka huu, ichomolewe kwenye mtandao kabisa na majibu yake yachapishwe hapo hapo kwa karatasi.

Zinazoweza kusasishwa zisasishwe kwa siku iliyopangwa, soko likiwa limetulia, UPS ikiwa imejaa chaji. Kabla ya kugusa chochote, nakala ya diski nzima itolewe na kuhifadhiwa nje ya jengo. Vipande vya kiwango vipimwe, vya karati 24, 22 na 18, majibu yaandikwe. Sasisho liwekwe kwenye mashine moja tu, vipande vile vile vipimwe tena, na namba zikilingana ndani ya kiwango cha makosa kinachokubalika ndipo mashine ya pili ifuate. Zisipolingana, nakala ya diski irudishwe na kazi iendelee wakati mtengenezaji anaulizwa. Kahama wanaweza kutangulia wiki moja, Geita na Mbogwe wakafuata. Mafaili yenyewe hayahitaji kila maabara imalize bando lake: chama cha wachimbaji kinaweza kuyachukua mara moja kutoka katalogi ya Microsoft, kuyahakiki, na kuyasambaza kwa diski ya nje inayotumika kwa kazi hiyo tu. Huu ni mchana mmoja wa kazi kwa kila mashine, na nauona hivyo kwa uzoefu wa kuufanya.

Lakini ombi ninalolipa uzito kuliko yote ni lakiri ya programu. Kila faili la kompyuta linaweza kukokotolewa alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu ambao hubadilika wote hata kama ndani ya faili imebadilika tarakimu moja. Siku mashine inapogezwa na kukubaliwa, alama ya programu yake na ya jedwali lake la ugezi ichukuliwe, iandikwe kwenye cheti na ibaki ofisini kwa Afisa Madini Mkazi. Mkaguzi akija baada ya miezi mitatu, hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anaendesha programu ndogo, anasoma alama, analinganisha na karatasi aliyonayo. Zikilingana, jedwali halijaguswa. Zisipolingana, kuna mtu wa kujibu maswali, na maswali hayo yaulizwe kabla dhahabu ya siku hiyo haijauzwa. Wazo hili silibuni mimi. Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, OIML, lilitoa mwongozo wake D 31 mwaka 2008 kuhusu vifaa vya kupimia vinavyoendeshwa na programu, nao unataka programu ya kipimo itambulike kwa alama na ilindwe isibadilishwe kimyakimya. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, ambacho maabara zinazotaka ithibati ya SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC, hukifuata, kinaitaja programu kuwa ni sehemu ya vifaa vya maabara. Kimataifa jambo hili limekwisha kuamuliwa. Limebaki kufika Katoro.

Linachelewa kufika, kwa maoni yangu, kwa sababu ya jinsi kazi zilivyogawanywa. Mashine ya XRF inatoa mionzi, hivyo Tume ya Nguvu za Atomiki inaishughulikia kwa usalama wa mionzi. Mizani iliyo pembeni yake iko chini ya Wakala wa Vipimo na Sheria ya Vipimo, Sura 340, na ina stika yake. Biashara yenyewe, leseni na mrabaha viko kwenu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazibana taasisi za umma, na maabara binafsi hazimo. Kila chombo kina swali lake la halali, na swali la programu linapita katikati ya yote. Kompyuta haitoi mionzi na haina uzito unaouzwa. Ninyi ndio mnaosimamia soko ambamo namba ya kompyuta hiyo inageuka fedha, ndiyo maana barua hii imekuja kwenu kwanza. Iteni meza moja na Wakala wa Vipimo na Tume ya Nguvu za Atomiki, mkubaliane nani ataandika nini kwenye fomu ya ukaguzi. Timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya kompyuta, TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ipewe orodha ya mashine hizo ili tahadhari ikitoka kuhusu udhaifu mpya iwafikie wenye maabara wa Kahama siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili.

Kwenye manunuzi mna nguvu msiyoitumia vya kutosha. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu yatatumika kuanzia Desemba 2027. Kwa kawaida inamtaka mtengenezaji aendelee kutoa viraka kwa angalau miaka mitano. Mashine nyingi tunazonunua zinauzwa na Ulaya pia. Zabuni ya soko la madini, ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) au ya kituo cha mfano kama cha Lwamgasa na Katente iandike sharti hilo hilo: muuzaji aseme kwa maandishi atatoa viraka hadi mwaka gani, atathibitisha masasisho ya Windows kwa muda gani tangu yatoke, na atakabidhi nywila ya msimamizi kwa mwenye mashine siku ya kufunga. Asiyekubali asipewe zabuni. Bei ya mashine ikiwa pungufu kwa sababu huduma haimo, tofauti hiyo tutailipa sisi baadaye, na tutailipa kwa dhahabu.

Sasa nizungumzie linalonitia hofu kuhusu barua yangu mwenyewe. Naogopa mkiikubali, itageuka fomu nyingine ya kutoza faini, na maabara ndogo ya Nyarugusu au Masumbwe yenye mashine moja na vijana wawili ifungwe wakati kubwa za mjini zinaendelea. Hilo lingekuwa pigo kwa wachimbaji wadogo wenyewe. Maabara ndogo iliyo karibu na mwalo ndiyo inayomfanya mchenjuaji ajue thamani ya marudio yake kabla ya kuyauza. Ikifungwa, anarudi kukisia. Migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu ina idara zake za kompyuta na haihitaji kushikwa mkono. Huyu mdogo anahitaji. Wekeni kipindi cha mwaka mmoja wa elimu bila faini. Vipande vya kiwango, ambavyo ni ghali kwa mtu mmoja, vinunuliwe na kuzungushwa na ofisi za maafisa madini wakazi wa Geita, Mbogwe, Kahama na Shinyanga. Kijana mmoja katika kila ofisi afundishwe kutoa nakala ya diski, kutenga mashine kwenye ruta na kusoma alama ya faili. Vijana hao tunao. Wanamaliza vyuo vya VETA na vya kompyuta kila mwaka na kuishia kuuza vocha.

Wizara ya Afya nayo isome barua hii kama ni yake, maana mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu kwa wachimbaji waliovuta vumbi la mawe zinaendeshwa na kompyuta za Windows vile vile, na jibu la uongo au lililochelewa pale linagharimu mapafu ya mtu.

Nawaomba mwanze na mahali pawili, soko la madini la Geita na la Kahama, kwa daftari la mashine na alama za programu zake, kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa soko, mahali ambapo mchimbaji anayesubiri zamu yake anaweza kuyasoma: mashine hii ilikaguliwa tarehe fulani, programu yake haijaguswa, ukaguzi mwingine ni tarehe fulani. Na jibu lenu kwa barua hii litaje kwa jina ofisi itakayoipokea kazi hiyo, ili tujue tumpigie nani siku alama zitakapokataa kulingana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vifaa vya maabara,
Kahama.